Mtamba wa Nguo Yenye Jani

Hapo zamani, adhuhuri ya siku ya gulio, nguo ya gome la mti yenye alama ya jani la mgomba ilitandikwa mbele ya Mukama, mtawala mmoja wa Buhaya, aliyekuwa ameagiza nguo tu, si alama.

Mukama akaizunguka. "Nimevaa magome tangu utoto, sijaona kama hili. Aliyeitengeneza apewe mtamba."

Wakajitokeza watatu.

Mzee Rwegasira alisema: "Mrumba, mti uliotoa gome hili, ni wangu. Nililibandua gome bila kulichana, na shina nikalifunga majani lisife. Bila mti wangu hawa wangegonga nini? Magoti yao?"

Byabato, kijana mgonga magome, alisema: "Nililigonga kwa nyundo ya mti mpaka likawa laini, likatanuka. Na mtamba huyu ndiye mahari yangu kwa Kokuhirwa, binti wa mzee huyu. Nikimkosa mtamba, kuna mchumba mwingine yuko tayari na ng'ombe wake."

"Kwa hiyo utamleta kwangu?" Rwegasira akauliza.

"Kwako, baba mkwe."

"Basi aje moja kwa moja, usijichoshe na njia. Na baba mkwe wako sijawa."

Watu wakacheka. Byabato hakucheka.

Kokuhirwa alisema: "Mimi niliianika. Nguo mbichi ni nyeupe, jua ndilo huigeuza nyekundu. Nilijifunika uso kwa jani la mgomba, nikalala. Upepo ukalichukua jani, ukalilaza juu ya nguo. Nilipoamka, kote kulikuwa kwekundu isipokuwa chini ya jani."

"Ulilala kazini!" baba yake akafoka.

"Nililala, baba. Lakini ulipoiona ulisemaje?"

Mzee akakohoa. Kokuhirwa akaendelea:

"Ulisema mti wako hautoi madoa, nguo hii huijui. Na wewe Byabato ukasema mkono wako haujawahi kutoa takataka kama hii. Mkaniambia ni yangu, niilete mwenyewe nikatukanwe. Nimeileta. Sijatukanwa. Sasa imekuwa ya nani?"

Byabato akasogea. "Koku, ukipewa mtamba, utaniachia nimtoe mahari?"

"Kwanza nipewe. Kisha tutaona unavyoomba."

Wazee wa baraza la Mukama wakagawanyika juu ya nani apewe. Jua lilipotua, nguo ilikuwa begani mwa Mukama, na mtamba alikuwa bado amefungwa mlangoni pake.

Je, ungekuwa wewe, kamba ya mtamba ungemkabidhi nani?