Shanta la Fisi

Ukame wa mwaka ule haukuwa na adabu. Mto uligeuka njia ya mchanga, na hata Kiboko, mnene wa wanene, alianza kuhesabika mbavu. Maji yalibaki ziwani tu, ng'ambo ya nyika, mwendo wa siku nyingi.

Simba akaita baraza. "Tutahamia ziwani," akanguruma. "Lakini kwa miguu yenu hii ya kushinda mmelala, nusu yenu mtaliwa na tai njiani!" Alisema hayo akiwa amelala.

Basi mazoezi yakaanza. Kila alfajiri wanyama walipanda Kilima cha Miba na kushuka, kila mmoja na shanta la ukindu mgongoni, limejaa mawe, ili siku ya safari mgongo usishangae. Simba alitangulia, kifua mbele. Akifika kileleni alijificha akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akarudi kuwakaripia wengine kwa uvivu.

Kulikuwa na sharti moja, nalo lilimtoa Fisi udenda. Atakayebeba mawe mengi bila kulalamika ndiye atakayekabidhiwa chakula cha njiani: karanga, mihogo mikavu na nyama kavu. Nyama ya nani? Usiulize, walaji wenyewe hawakuuliza.

Fisi alijaza mawe makubwa makubwa mbele ya wote. Wakifika chini ya kilima alichepuka kichakani, akayamwaga, akashindilia majani makavu na kupanda akiimba.

"Jikazeni, ndugu zangu!" aliwaambia waliokuwa wakihema. "Raha ya mzigo ni kuuzoea!"

Kobe, aliyebebeshwa shanta juu ya gamba lake, alimkodolea macho. "Huyu kala nini?"

"Katula akili sisi," alijibu Sungura.

Sungura naye hakuwa malaika. Asubuhi moja alitoroka mazoezi, akaingia kichakani kuuchapa usingizi, akajigonga kichwa kwenye lundo la mawe. Alisugua nundu yake, akacheka peke yake, akaenda kumwambia Kobe.

"Maskini sisi!" Kobe aliogopa kwelikweli. "Akipewa chakula atakimaliza katikati ya nyika, na watoto wetu watakufa njaa. Tukamshitaki!"

"Atakana, na ana mdomo kuliko sisi. Mwache ajishitaki mwenyewe."

Siku ya kuondoka ilipokaribia, Sungura aliomba kazi ya kufunga mizigo. Chakula alikigawa kidogo kidogo katika mashanta ya wote isipokuwa moja. Simba alipodokezwa mpango huo, alidai ni yeye aliyeubuni.

Safari ikafika. Fisi akaitwa mbele kwa vigelegele, akaonyeshwa shanta kubwa lililofura, kipande cha nyama kikichungulia juu. Alilivaa upesi. Magoti yakagongana.

"Vipi, bingwa?" aliuliza Sungura.

"Aa, shwari. Linanikaa vizuri."

"Basi tuimbie!"

Fisi hakuwa na pumzi ya kuimba. Alijiburuta nyuma ya msafara, nyayo zake laini zikichubuka, akijipa moyo kwamba akibaki peke yake atakula mpaka mzigo uwe mwepesi. Chini ya Kilima cha Miba, mbele ya kichaka kile kile, miguu ilimgomea. Akaanguka kifudifudi, akalifungua shanta kwa meno. Akameza kile kipande cha nyama, akachimba zaidi. Jiwe. Jiwe jingine. Mawe matupu!

"Wezi nyie!" alibweka kwa uchungu. "Haya si ndiyo mawe niliyoyamwaga kichakani?"

Msafara mzima ukasimama. Simba akageuka polepole. "Uliyamwaga wapi?"

Fisi akaufumba mdomo, lakini neno lilikwisha toka.

"Usihangaike, ndugu yangu," alisema Sungura. "Halikupotea hata moja. Nimekuokotea yote."

Wanyama walicheka mpaka Kiboko akakaa chini. Fisi akalia. "Nisameheni jamani, nitakufa kiu!"

"Hufi," alisema Simba. "Pandisha mawe yako yote kileleni, maliza mazoezi, ndipo utufuate."

Kobe alimwachia muhogo mmoja, kwa huruma, kisha akakipanda kilima taratibu kama alivyozoea. Msafara ukapotea upande wa pili. Fisi alibaki chini na mawe yake, na akigeuza shingo aliliona pango lake pale pale, nyumbani.

Njia ya mwongo ni fupi.