Nyuki Juu ya Mtoto wa Kalunde

Hapo zamani, zamani ambayo mabibi wa mabibi zetu waliiona kwa macho, katika kijiji cha warina asali aliishi Kalunde, mwanamke aliyeogopa nyuki. Mchekeni mkitaka; hata wenzake walimcheka. Marehemu mama yake alikuwa akisikia mvumo wa nyuki mmoja tu, anapiga ukunga na kukimbia, na Kalunde, angali mgongoni, aliushika woga ule kabla hajashika maneno.

Alipoolewa, wanawake watatu walimhurumia.

Bibi Nyamizi, mzaa baba yake, alimpa kipande cha sega kila aliposogea hatua moja kuelekea mzingani. Akisogea, anapewa. Akirudi nyuma, hapewi. Sega lilipokwisha, Kalunde naye akaacha kusogea. Shangazi yake Misozi hakusema neno. Alirina taratibu mbele yake, na nyuki wakihama alimchota malkia wao kwa kiganja. Akiumwa, anautoa mwiba na kuendelea na kazi. Kalunde alimtazama mwaka mzima, mikono mapajani. Wande, mama mkwe wake, alimwuliza kila jioni: "Mwanangu, leo ulidhani utaumwa mara ngapi? Na umeumwa mara ngapi?" Jibu la pili lilikuwa dogo siku zote, hata Kalunde akaanza kuucheka woga wake mwenyewe. Lakini mzinga hakuugusa.

Msimu wa maua ukafika. Kalunde alimlaza bintiye wa miezi sita juu ya ngozi, akageuka apepete mtama. Kundi la nyuki wanaohama likatua kifuani mwa mtoto. Kalunde akahisi ukunga umemfika kooni. Mtoto alikuwa akimtazama usoni. Kalunde akaumeza ukunga, akatabasamu, akaenda polepole, akapiga magoti. Akamchota malkia kwa kiganja, akamtia katika mzinga mtupu uliokuwa karibu, na wengine wakamfuata. Yeye aliumwa mara nne. Mtoto hakulia wala hakufurukuta, akatoka mzima.

Kwa desturi yao, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina jipya, la yule aliyemponya, naye mwenye jina huwa mama yake wa pili. Basi watu wakakutana waamue ni nani hasa aliyemponya: Kalunde, au mmoja wa wale waliomfundisha.

Bibi Nyamizi akasema, "Miguu iliyomfuata mtoto niliifundisha mimi. Sega lilipokwisha, si aliacha kwenda? Basi ni sega langu lililomsogeza. Nimezeeka, na jina langu linataka pa kukaa."

Misozi akasema, "Mama, miguu ni yako. Mikono je? Mimi sikumpa hata tone, na alijifunza kwa kunitazama. Sikujaliwa mtoto. Nikifa, jina langu nalo linakufa."

Wande akasema, "Miguu alikuwa nayo, mikono alikuwa nayo, na mwaka mzima alikaa nayo tu. Mtu akiamini atakufa, umpe asali ya nchi nzima, hasogei. Mimi nilimfanya ajipimie mwenyewe, akajiamini."

Ndipo jirani mmoja akauliza, "Na mtoto je? Angefurukuta, nyuki wangemuua. Alitulia kwa sababu aliuona uso wa mama yake umetulia. Mpeni jina la Kalunde."

Wote wakamgeukia Kalunde. Alikuwa akinyonyesha, mkono umevimba, na machozi yalikuwa yakimtoka, kwa maana aliwapenda wote watatu na hakutaka kumpa yeyote uchungu.

Hakuna aliyesema uongo pale. Haya, nyamazeni kidogo mfikiri, kisha mniambie: mtoto huyu aitwe jina la nani?