Tiku Mlembe na Sauti Inayofuatwa

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado na milango ya kubisha na mikeka ya kukaribishia wageni, mambo haya yalianza siku ya Alhamisi, saa moja na robo asubuhi. Umande ulikuwa haujakauka. Saa hiyo ndipo Tiku, mlembe mdogo aliyejifunza kuruka juzi tu, alipotua juu ya mti mbele ya nyumba ya Mjomba Nyegere, akaita kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Cheke-cheke-cheke-cheke."

Mlembe mnamjua? Ni ndege wa rangi ya majivu, angekaa kwenye kiganja chako na nafasi ikabaki. Anajua nyuki wanakoishi, lakini mdomo wake hauwezi kupasua mzinga. Nyegere anaweza kupasua chochote, lakini nyuki walipo hapajui. Kwa hiyo mlembe huita, nyegere hufuata, na asali ikipatikana kila mmoja hupata fungu lake.

Tiku aliyajua hayo kwa kusikia tu. Hakuwa na hakika kama sauti yake ingefanya kazi.

Mlango ukalia kriii. Nyegere akatoka akijikuna mgongo. Huyu ni mnyama ambaye simba akikutana naye njiani husogea pembeni na kujifanya anatafuta kitu majanini.

"Nani anaita?"

"Mimi, Mjomba. Tiku wa Mama Keremkerem."

"Mbona mdogo hivyo?"

"Ndivyo nilivyo, Mjomba."

"Haya, tangulia. Ila usinizungushe, miguu yangu mifupi."

Tiku akaruka, na Nyegere akamfuata. Tiku akikata kulia, Nyegere naye anakata kulia. Akitua, Nyegere anasimama. Njia nzima alitembea ameinua uso juu, akajikwaa kwenye kisiki, akakanyaga dimbwi chubwi, wala hakutazama chini.

"Mjomba, huangalii unapokanyaga?"

"Nikiangalia chini nitakupoteza."

Tiku akahisi kifua kimejaa kama mtu aliyekunywa maji mengi. Huyu anayeogopwa na simba anakwenda ninakokwenda mimi, akawaza. Ni kwa sauti yangu tu.

Wakafika kwenye mgunga wenye tundu, nyuki vuuu, Nyegere akapasua, akala, akapiga chafya. Kabla hajaondoka alitandika jani chini, akaweka juu yake kipande cha sega chenye nta na majana, watoto wa nyuki.

"Fungu la mwenye sauti," akasema, akaenda zake.

Tiku alipokwenda mtoni kunywa maji, aliwakuta Fisi na Chui wamekaa wanamsubiri. Walikuwa wameona kila kitu.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba, binti," Fisi akasema. "Kipande kile ndicho alichokupa? Kwa kazi yote ile?"

"Kinanitosha. Tumbo langu lenyewe dogo."

"Ana adabu," Chui akasema. "Aliyemlea amejitahidi."

"Sikiliza, binti. Sisi tuna ombi dogo," Fisi akasogea. "Kesho mwite tena Nyegere. Ila mpitishe kule korongoni, mahali ambapo maji yameula udongo kwa chini. Si anatembea akiangalia juu? Basi. Wewe ruka uvuke, yeye afuate."

"Ataanguka."

"Ataangushwa na korongo. Wewe utakuwa umeimba tu."

"Amewakosea nini?"

Chui alikuwa na sikio moja lililochanika, akaligusa. "Juzi alinifukuza kwenye windo langu mwenyewe, mbele ya wanangu."

"Na nyumba yake ni kavu," Fisi akaongeza, "na mvua inakuja. Ukitusaidia, lile jabali la nyuki ambalo kila mtu hulisimulia litakuwa lako. Nta yote, majana yote. Utakula mpaka wajukuu wako wakinai."

"Siwezi, Mzee Fisi. Mama yangu hakunilea hivyo."

Fisi hakukasirika. Alicheka taratibu, kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri.

"Mama yako? Yule keremkerem mla nyuki? Tazama manyoya yake, kijani na buluu na wekundu shingoni. Kisha tazama yako. Mama yako wa damu alitaga yai kwenye shimo la mwenzake, akaenda zake. Nenda kamuulize huyo aliyekulea, mayai yake mwenyewe yalikwenda wapi. Hila iko kwenye damu yenu, binti. Sisi hatukufundishi kitu. Tunakukumbusha."

Tiku aliruka moja kwa moja hadi nyumbani.

Mama Keremkerem alikuwa anafagia mlango wa shimo lao, kwenye ukuta wa udongo kando ya mto.

"Mama, ulitaga mayai mangapi?"

Ufagio ukasimama. "Matatu."

"Yako wapi?"

"Nani amekutuma kuuliza?"

"Nijibu kwanza, Mama."

Mama Keremkerem akauegemeza ufagio ukutani, akaukalia mkeka. "Siku uliyoanguliwa nilikuwa nje natafuta chakula. Niliporudi, mayai yangu yalikuwa yametobolewa. Wewe ulikuwa katikati, mdomo wazi, unalia njaa."

"Ni mimi niliyeyatoboa?"

"Ni mdomo wako. Ulizaliwa na ncha mbili kali mdomoni. Siku chache baadaye zikadondoka zenyewe."

Tiku alitamani udongo umfunike. "Ukanilisha?"

"Ulikuwa na njaa."

"Baada ya hayo?"

"Siku hiyohiyo. Nilikuletea nyuki mmoja, nikampondaponda kwanza ili asikuchome."

"Basi Fisi anasema kweli. Hivi ndivyo nilivyo."

"Tiku, siku ile macho yako yalikuwa hayajafunguka. Hukuliona yai wala hukuniona mimi. Sasa macho unayo. Fisi anajua ulivyozaliwa. Utakavyokuwa hajui, na hata mimi sijui." Akauchukua ufagio wake. "Haya, sogea hapo mlangoni, nimalize kufagia."

Tiku akasogea. Akamtazama yule ndege mwembamba anayekusanya vumbi, ambaye mara elfu alitoka kuwinda nyuki mwenye mwiba ili amlishe aliyemwachia shimo tupu. Jabali zima la nyuki lilikuwa dogo mbele yake.

Jua lilipoanza kuinama, Tiku alirudi mtoni.

"Nimefikiri, Mzee Fisi," akasema. "Ila kuna jambo linanisumbua. Nyegere akishakufa, nani atanipasulia hilo jabali? Mdomo wangu hautoboi hata gome."

"Mimi nipo," Fisi akasema. "Taya hizi zinavunja paja la nyati."

"Nyati aliyekufa," Chui akasema.

"Hai au mfu, mfupa ni mfupa."

"Siamini mpaka nione," Tiku akasema. "Nisije nikampoteza Mjomba, halafu nikabaki na njaa. Nionyesheni leo."

"Haya, twende. Jabali lenyewe liko wapi?"

"Mmeniahidi jabali na hamjui liliko?"

Chui akamgeukia Fisi. Fisi akakohoa.

"Basi nifuateni," Tiku akasema. "Cheke-cheke-cheke."

Wakamfuata, wadogo zangu. Chui mwenye nyayo zisizosikika na Fisi mwenye shingo kama gogo, wote wawili wameinua nyuso juu kama watoto wanaotafuta mwezi. Fisi akagonga mti, pu. Chui akakanyaga miiba, akaguna. Hakuna aliyetazama chini, wala pembeni, na kwa hiyo hawakuona kwamba kuta za mawe zilikuwa zinawakaribia pande zote mbili, hadi njia ikawa ya kupita mmoja mmoja, isiyo na nafasi ya kugeuka.

Tiku akatua juu kabisa, kwenye jiwe.

Sijui niwaelezeje mahali pale. Jabali lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini, na ndani ya ufa ule masega yalining'inia marefu kama mapazia ya nyumba ya mfalme. Ya nyuma yalikuwa meusi kwa uzee, ya mbele meupe kama mahindi mabichi. Mwanga ulipenya kwenye asali ukatoka rangi ya shaba. Na jiwe lenyewe lilikuwa linatetemeka. Hata Tiku, aliyepajua, alijisikia kama ameingia mahali panapotaka aombe ruhusa.

"Mbona kunanguruma?" Chui akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo asali hiyo, Bwana Chui. Mzee Fisi, tuonyeshe taya."

Fisi hakutaka kuonekana mwoga mbele ya Chui. Akaruka, akauma. Kwap! Pazia zima la asali likakatika na kumwangukia kichwani, tifu.

Nyuki wakanyamaza.

Wadogo zangu, nyuki wengi wakinyamaza kwa pamoja, hilo ni la kuogopwa kuliko mvumo wao. Kukawa kimya hadi asali ikasikika inavyodondoka, to, to, to.

Kisha vuuuuuuuu. Mwanga ukazimika.

"Rudi nyuma," Fisi akalia.

"Nyuma nageukaje, nimebanwa?"

"Rudi kinyumenyume, bwana."

"Toa mguu wako mdomoni mwangu kwanza!"

Walitoka kinyumenyume, mkia kwanza, wakibishana na kuchomwa. Mbio mpaka mtoni, chubwi, chubwi. Walizama wakabakiza pua, na nyuki wakawasubiri juu ya hizo pua. Jua lilipozama ndipo walipotoka. Uso wa Chui ulikuwa umevimba hadi macho yakawa mistari. Fisi alikuwa na midomo kama maandazi mawili. Usiku uleule walihama bonde lile na watoto wao, na habari za nyumba kavu ya Nyegere hawakuzitaja tena.

Tiku aliyaona yote kutoka juu ya jiwe. Angeweza kucheka, lakini hakucheka. Asubuhi ile sauti yake ilimfikisha Nyegere kwenye asali, na jioni sauti hiyohiyo, bila kubadilika hata kidogo, ikawaingiza hawa wawili ndani ya ufa. Korongoni nako ingemfikisha Nyegere vilevile. Sauti haikuchagua. Aliyechagua ni yeye.

Na funzo lake, wadogo zangu, ni hili: anayefuatwa ndiye atakayeulizwa wenzake aliwapeleka wapi.

Kesho yake asubuhi Tiku alikwenda tena kwa Mjomba Nyegere. Hakukaa juu ya mti. Alitua chini, mbele ya mlango, akaita.

"Leo mbona uko huku chini?" Nyegere akauliza, huku akifunga mlango.

"Nimechoka kukuona ukijikwaa, Mjomba."

Akaruka chini chini, kimo cha macho ya Nyegere, kichaka hadi kichaka, ili mjomba aone ndege na njia kwa pamoja.