Lifti ya Askari wa Daraja

Hebu niambie, wewe ungefikaje Ikeja, upande wa pili wa jiji la Lagos, nauli huna na usaili wa kazi ni asubuhi hii? Morenike, mwenye digrii na soli zilizotoboka, alisimama kando ya barabara, chini ya daraja la waenda kwa miguu. Askari akamdaka.

"Unavuka barabara chini ya daraja badala ya kupita juu, madam? Toa chai, au twende kituoni Ikeja!"

"Abeg, tafadhali, oga, bosi wangu, nichape hapahapa! Ikeja wananijua, nitaaibika!"

"Ahaa! Panda gari!"

Kituoni Ikeja, mkubwa wa kituo akamuuliza askari, "Ulimwona akivuka?"

"Hapana, afande. Alikuwa… amesimama."

"Mwachie!"

"Asante kwa lifti, oga," Morenike akasema. "Usaili uko jengo la pili. Nanyi wakubwa, tuleteeni mabasi, au mtukamate sote kila asubuhi!"