Nani Akae na Hoza?

Tegeni masikio, na mwenye hukumu mdomoni aimeze kwanza.

Katika kambi ya wakata mkonge waliishi watu watatu. Nakunda, mwenye duka la dawa, alijaliwa mikono: jipu alilolitumbua yeye halikurudi. Semkiwa alijaliwa mwendo: pikipiki yake ilifika kabla ya habari. Kihiyo alijaliwa macho: ukificha jambo uvunguni, yeye ameshaliona. Wote watatu walimpenda Hoza, mwana wa pekee wa Bi Mwantumu. Nakunda alikuwa binamu yake, Semkiwa mjomba wake, Kihiyo rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Siku moja Hoza aliangukiwa na mzigo wa mkonge, mgongo ukateguka. Zahanati ilikuwepo, ndiyo: jengo na kufuli. Nakunda akamhurumia, akampa vidonge vikali bila cheti cha daktari. "Meza, kaka, upate usingizi." Kesho yake Hoza akakata mkonge kama mashine. Msimamizi akamwongezea kazi, Bi Mwantumu akamshukuru Mungu.

Mwezi haujaisha, vidonge vikawa havimtoshi. Nakunda akaogopa, akamnyima. Hoza akatetemeka, akatapika, akalia kama mtoto. Semkiwa alishindwa kutazama. Akawasha pikipiki, akavifuata mjini. "Mpwa wangu hafi kwa maumivu nami nina petroli!"

Navyo vikaadimika. Kihiyo ndiye aliyejua unga wa kulevya unauzwa nyumba gani. Hakuununua, hakuugusa. Alinyoosha kidole tu, Hoza akaenda.

Bi Mwantumu alipogundua, akampeleka mwanawe kwa ndugu zake milimani. Hoza alikaa huko msimu mzima bila kugusa kitu. Akarudi amenawiri, mama akapika pilau, watu wakaitwa. Baada ya kula, Hoza akazunguka nyuma ya nyumba, akatumia kipimo chake cha zamani cha unga. Mkono ulikikumbuka. Mwili ulishakisahau.

Akaingia chumbani, akaanza kukoroma. Mkoromo mzito, wa kukatikakatika. Bi Mwantumu akatabasamu, akaweka kidole mdomoni. "Shh! Mwacheni mwanangu. Hajalala hivi tangu aumie."

Kihiyo akachungulia. "Mama, huku si kulala! Mtazame midomo, imekuwa kama majivu!"

Semkiwa akaruka juu ya pikipiki kumfuata muuguzi mwenye sindano ya kumzindua.

Nakunda akamlaza chali, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni, tena na tena, mpaka pikipiki ikanguruma uani na sindano ikaingia.

Angekosekana mmoja wao, pilau lile lingekuwa la matanga.

Muuguzi hakuficha neno. Hoza atibiwe kwa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye uraibu, kila siku, na kliniki iko mjini. Asiachwe peke yake, maana akiteleza tena huenda asirudi. Achaguliwe mtu mmoja wa kukaa naye chumba kimoja. Bi Mwantumu ana mume aliyepooza, hawezi kutoka.

"Nitakwenda mimi," Nakunda akasema. "Pumzi aliyonayo ni yangu."

"Na vidonge vya kwanza vilikuwa vya nani, mama huruma?" Kihiyo akamchoma.

"Nyamaza, mwenye kidole!"

"Bila pikipiki yangu mngekuwa mnapulizia maiti," akasema Semkiwa.

"Pikipiki ipi, mjomba?" akadakia Kihiyo. "Ile iliyombebea sumu?"

Bi Mwantumu hakumkemea yeyote. Tangu siku ile, kila akifumba macho anausikia ule mkoromo, na anajiona mwenyewe akitabasamu. Amlaani nani? Akamgeukia Hoza. "Sema wewe, mwanangu. Unamtaka nani?"

"Usiniulize mimi, mama. Hapa hakuna aliyenipa kwa chuki. Nilikufa katikati ya watu wanaonipenda."

Basi la mjini limeshawasha injini, begi limeshapakiwa. Msijibu "wote": chumba ni cha wawili. Wala msijibu "hata mmoja", mkajiona wenye haki: huko ni kumchimbia kaburi. Mkono wa Hoza bado umo mkononi mwa mama yake, na watatu wamenyoosha mikono kuupokea.

Je, ungekuwa wewe Bi Mwantumu, ungemkabidhi nani?