Jambazi Aliyeshindwa na Komeo

Kuteleza si kuanguka. Wahenga walijua kwamba njia ya kila kazi ina utelezi wake, na kwamba aliyeteleza bado ana miguu ya kusimamia. Lakini walimwengu hawana subira. Ukiyumba kidogo tu, tayari wamekuchimbia kaburi. Ndivyo ilivyomfika binti mmoja mchoraji aliyejulikana kwa jina la Wino.

Wino alitunga hadithi za picha kuhusu Bwana Kutu, jambazi ambaye kila chuma alichokigusa kilishika kutu papo hapo na kumeguka kama mkate mkavu. Matoleo sita ya kwanza yalinunuliwa kama njugu. Wasomaji walimpenda mwovu yule kwa ujanja wake, na walipenda zaidi kumwona akiponzwa na majivuno yake mwenyewe. Sifa zikammiminikia Wino, naye akavimba kichwa. Toleo la saba alilichora kwa siku nne, bora liende. Humo Bwana Kutu aliruka angani, akatema moto, akabomoa benki tatu na daraja. Hapakuwa na ujanja wala kicheko, ila moshi tu toka jalada hadi jalada.

Nakala zikarudi kwenye kiwanda cha uchapaji cha mjomba wake zikiwa bado zimefungwa kamba. Mjomba hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mpwa wangu, hili limedoda," alisema huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Nakupa toleo moja tu. La nane nalo likidoda, mtambo nawapa watu wa kalenda, na Kutu wako tunamzika."

"Wasomaji wenyewe hawajui kizuri," Wino akajibu, akaondoka amenuna.

Njiani aliingia kwa kinyozi, ambaye huwawekea wateja vitabu hivyo wasichoke kusubiri. Kwenye benchi alimkuta mzee mmoja, fundi kufuli, ameshika toleo la saba na kupiga miayo.

"Halikufurahishi, babu?" Wino aliuliza.

"Lile la sita nililisoma mara tatu, mjukuu wangu. Mimi ni fundi kufuli. Kutu akifika mlangoni, nafunga kitabu kwanza nijiulize: huu ataufunguaje? Sasa humu anauchoma moto! Mlango ukishachomwa, mimi nifikirie nini tena?"

Kinyozi akadakia, "Aliyechora hilo alikuwa amebanwa, anawahi msalani!" Wateja wakaangua kicheko.

Wino alihisi uso ukimwaka kwa aibu. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemjua. Lakini maneno ya mzee yalikuwa ya kweli, na yalimuuma kwa sababu hiyo.

"Ni mimi niliyelichora," akasema. "Nanyi mnasema kweli. Nililipua kazi."

Mkasi ukasimama hewani. "Nisamehe, dada," kinyozi akasema. "Huu mdomo wangu hauna breki." Mzee yeye alicheka, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Basi nifundishe, babu. Mlango gani ungemshinda Kutu?"

"Wa komeo la mti," mzee akajibu bila kusita. "Mti haushiki kutu."

Kwa wiki tatu Wino alichora, akafuta, akachora tena. Kila ukurasa uliolegea aliuchana kwa mkono wake. Katika toleo la nane, Bwana Kutu alifika kwenye ghala la dhahabu akakuta mlango wa mbao tupu, hauna hata msumari, na komeo lake la mti limeegemewa na bibi kizee mlinzi. Kutu akaupapasa mlango, akaubembeleza, akautukana. Mwishowe akajitambulisha kuwa mkaguzi wa mchwa. Bibi akainuka, akamfungulia. Kutu akaingia huku akijisifu kwa sauti kubwa. Bibi akasikia, akalisukuma komeo kwa kidole kimoja. Jambazi aliyetetemesha jiji zima akabaki ndani akiomba maji ya kunywa.

Kwenye ukurasa wa kwanza Wino aliandika: "Toleo la saba lilikuwa bovu. Kosa ni langu."

Siku lilipotoka, adhuhuri haikufika na nakala zilikuwa zimekwisha. Mtambo ulinguruma siku tatu mfululizo. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu kwa kunogewa na kusoma. Fundi kufuli alikuja mwenyewe kiwandani, akampa Wino mkono, akasema, "Komeo nilikutajia mimi, lakini sikujua Kutu atanaswaje hadi mwisho!" Wino akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakujificha.

Mjomba, meno yote nje, akashika rundo la nakala zilizododa. "Hizi sasa tuzichome, watu wasahau."

"Hapana, mjomba. Zipange rafuni, kati ya la sita na la nane. Anayeanza kuchora leo azione, ajue kwamba hata mimi ilinipata."

Mjomba akazipanga, na Wino akaketi kuanza toleo la tisa. Hakika, kuteleza si kuanguka.