Moshi Usio na Harufu

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awaangazie makaburi yao, kwamba hapo kale palikuwa na mji unaitwa Marjani. Kisa hiki nimekipata kwa marehemu babu yangu, naye kwa babu yake, na nimeshakisimulia kwenye maulidi na kwenye matanga mara elfu na zaidi. Chuoni mimi sikukaa sana, nilitoka na herufi chache tu kichwani. Lakini kwa kisa hiki nileteeni mashekhe saba na vilemba vyao, hakuna atakayekisema kama mimi. Wao wanakijua nusu.

Basi Marjani ulikuwa mji wa kheri, na watu waliofukuzwa na shida makwao walikuwa wakiukimbilia. Upande wa mashariki walikaa watu wa Jabali. Hao walitoka milimani, ukame ulikuwa umewapiga miaka saba mfululizo, mpaka mawe yenyewe, nasikia, yakawa yanapasuka kwa kiu. Upande wa magharibi walikaa watu wa Jazira, ambao kisiwa chao kilimezwa na bahari asubuhi moja, wakatoka na nguo walizovaa. Kila mtaa ulikuwa na nyumba arobaini. Wote wageni, wote waja wa Mungu, wote wanaswali kibla kimoja. Lakini kila watu na desturi zao.

Watu wa Jabali walikuwa na tanuri moja kwa mtaa mzima. Kila nyumba inakanda unga wake, inaupeleka kwenye tanuri, na mkate unaokwa huko. Kuni zinaletwa kwa zamu. Majumbani kwao hawawashi moto kabisa, ndivyo walivyozoea milimani ambako kuni ni shida. Watu wa Jazira kinyume chake. Kwao kila nyumba lazima itoe moshi asubuhi, kila siku ya Mungu, kwa sababu kisiwani kwao nyumba isiyotoa moshi ni nyumba yenye msiba. Moshi usipoonekana, majirani wote wanakuja wanalia, na kila mmoja mkononi ana chakula cha wafiwa. Yashikeni haya mawili, ndiyo kisa chenyewe.

Mwokaji wa watu wa Jabali alikuwa mtu mmoja mcha Mungu, anaitwa Rubea bin Faraji. Ndiye pia aliyekuwa akiwaadhinia. Mtu mpole, mikono imeungua mpaka viwikoni, lakini Mwenyezi Mungu alimpa pua ambayo hajampa mtu mwingine tangu dunia iumbwe. Ukikaanga kitunguu Jumatatu, Rubea ameshakisikia tangu Jumapili. Mkate ukiwa ndani ya tanuri, hafungui mlango kutazama, ananusa tu na kusema bado kidogo, na kweli bado kidogo.

Sasa mwaka mmoja mvua zikagoma Marjani nako, bei sokoni zikapanda, na wahamiaji ndio walioumia kwanza, kwa sababu mgeni hana shamba wala mjomba. Liwali Muhsini, mtawala wa mji, alikuwa mtu wa haki. Kwenye ghala la wakfu ilibaki ngano ya kulisha mtaa mmoja mpaka mavuno. Mtaa mmoja tu, si miwili. Akasema itakwenda kwa wahamiaji wenye hali mbaya zaidi, ila kwanza apime nani ana nafuu na nani hana. Akapanda juu ya mnara wa msikiti, mnara mrefu kiasi kwamba mawingu yalikuwa yakiuzunguka kama watu wanavyozunguka nguzo. Akatazama magharibi, akaona nyumba arobaini za Jazira zote zinatoa moshi. Akatazama mashariki, akaona moshi mmoja tu. Akashuka akasema jambo limekwisha, watu wa Jazira wanapika, watu wa Jabali wanakufa njaa.

Akamwita Rubea barazani, maana ndiye aliyeaminiwa na watu wake. Ukaletwa msahafu. Liwali akamwambia aweke mkono juu yake aape kwamba mjini hapa hakuna wahamiaji wenye dhiki kuliko watu wa Jabali, halafu mikokoteni ianze kupakia siku ile ile.

Ndugu zangu, mjue Rubea alikuwa ameacha nini nyumbani. Mkewe, Bi Tamima, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku kumi zilizopita, na maziwa yalikuwa yanakauka. Kwao ulikuwa ukiliwa nusu mkate kwa siku, na Rubea kwenye hiyo nusu alikuwa anakula maganda. Mtoto alishaanza kulia kwa sauti ndogo, ile sauti ambayo mama akiisikia anajua. Ngano ile kwake haikuwa ngano. Ilikuwa ni mtoto.

Akaunyanyua mkono. Ukafika juu ya msahafu, ukabaki hewani, mpaka watu wakafikiri ameshikwa na kiharusi. Kisha akaurudisha kifuani.

Akasema, "Bwana Liwali, ule moshi wetu mmoja ni wa mikate ya nyumba arobaini. Tuna dhiki, lakini hatujalala bila kitu. Hiki kiapo siwezi."

Liwali akamwuliza kama wako wahamiaji anaowajua wenye hali mbaya kuliko wao. Rubea akainamisha kichwa. Liwali akamwamuru awataje.

"Nikiwataja hapa mbele za watu," akasema Rubea, "nitakuwa nimewavua nguo. Na wenyewe wanajitahidi sana kuzivaa."

Mnajua alichokuwa nacho moyoni? Kwa siku kumi na moja alikuwa akipita mtaa wa Jazira kwenda kuokota kuni, na kwa siku kumi na moja aliuona moshi wao na hakunusa kitu. Si samaki, si wali, si hata ukoko. Moshi wa makumbi matupu ya nazi. Pua ile isingekosea. Lakini hakuna aliyemwomba, hakuna aliyelalamika, na yeye alijua ukimkuta mtu amejisitiri, si wewe wa kumfunua.

Liwali akakasirika. Akasema ghala litabaki limefungwa mpaka apatikane wa kuapa. Wakatafutwa wengine katika watu wa Jabali, lakini tangu muadhini wao arudishe mkono, nani angeuweka wake?

Alirudi mtaani, na hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Watu wake walimpokea kwa maneno ambayo mengine siwezi kuyasema mbele ya wacha Mungu. Mzee Barghashi, aliyekuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, alimfuata mpaka kwenye tanuri.

"Haya, mwokaji, kikande basi hicho kiapo chako," akamwambia. "Kitie hamira. Tukioke, tukile na wajukuu."

Rubea akaufunga mlango wa tanuri, akaenda nyumbani. Aliingia ndani kwa mkewe, akamweleza yote hakuficha kitu. Alitegemea atalia. Bi Tamima, Mola amrehemu, akamtazama mtoto, halafu akamtazama yeye.

"Walitaka uape uongo?"

"Walitaka niape nisichokijua. Na ninachokijua ni kinyume chake."

"Basi niletee maji, mume wangu. Maziwa ya kiapo kile yasingepita kifuani mwangu."

Siku tatu. Nasema siku tatu, lakini kila moja ilikuwa na urefu wa Ramadhani nzima. Rubea aliadhini, aliwasha tanuri, akawaokea wale wale waliokuwa wakimnunia, na hakuna hata mkate mmoja ulioungua. Ikawa wanampa unga bila salamu, naye anawarudishia mkate na salamu.

Siku ya nne asubuhi, akaja kwenye tanuri bibi mmoja wa Jazira, mjane mtu mzima, mnyoofu kama mshale, anaitwa Bi Kamariya. Habari za kiapo zilishafika sokoni, na yeye alikuwa na swali lake.

"Mwanangu, ndiye wewe uliyekataa ngano?"

"Ndiye, mama."

"Wanasema unajua watu wenye hali mbaya kuliko nyinyi. Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nilinusa."

"Ulinusa nini?"

"Sikunusa kitu. Hilo ndilo lililonitisha."

Bi Kamariya akakaa juu ya rundo la kuni. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba ni kweli, yeye alikuwa na siku ya kumi na tano anawasha makumbi kwenye meko matupu. Si kwa kiburi. Angeacha kuwasha, majirani wangedhani ana msiba, wangemletea chakula chao, na yeye hakutaka kulila tonge la watoto wa watu. Akamwomba Rubea asimseme, kwa kuwa mtaani kwao mwenye shida ni yeye peke yake, wenzake wote Alhamdulillahi wanapika.

Rubea akaweka chini ule mti wa kutolea mikate.

"Mama," akasema, "hakuna anayepika. Nyumba zote arobaini hazina harufu."

Subhanallah. Hebu fikirini jambo hilo. Nyumba arobaini, na kila moja inawasha moto mtupu ili jirani asilitoe tonge lake la mwisho. Kila mmoja anatazama paa la mwenzake na kumshukuru Mungu kwamba angalau fulani anakula. Hivi walikuwa wanakufa kwa kuhurumiana.

Bi Kamariya akainuka aondoke. Rubea akampa nusu mkate wake wa siku ile. Akaukataa, Rubea akaushika mkono wa bibi akautia mkate humo, akamwambia hii si sadaka, yeye ni mgeni wake. Bibi akaondoka. Alipofika kwake akachukua mtungi wa maji, akaumwaga wote juu ya meko.

Kesho yake nyumba yake haikutoa moshi. Majirani walipoona wakaja mbio wanalia, kama desturi inavyotaka, ila mikono yao yote ilikuwa mitupu. Wakamkuta Bi Kamariya amekaa kwenye mkeka, mzima wa afya. Mbele yake iko ile nusu mkate, ameikata vipande arobaini, kila kipande kama kucha ya kidole. Wakatazamana. Hapo hapakuhitajika maelezo. Walilia kilio ambacho, babu yangu alikuwa akisema, kilisikika mpaka miji mitatu ya jirani.

Na siku iliyofuata Liwali akapanda mnara wake kama kawaida. Akatazama magharibi, hakuna moshi. Hata mmoja. Akafikiri tauni imeingia. Alizishuka zile ngazi bila viatu, akakimbia mpaka mtaa wa Jazira akihema, na Rubea na watu wa Jabali nyuma yake, Mzee Barghashi akiwa wa mbele kabisa pamoja na goti lake bovu. Wakawakuta wenyeji wote wamekaa nje, kimya. Liwali akauliza waliokufa ni wangapi.

Bi Kamariya akasimama. "Hajafa mtu, Bwana Liwali," akasema. "Tumeacha kudanganyana tu."

Liwali akaambiwa yote. Akamgeukia Rubea, na yule mtawala mkubwa, mbele ya watu wote, akamwomba radhi. Akaamuru ngano yote iletwe Jazira. Lakini Bi Kamariya akakataa tena, maana yule bibi kukataa alikuwa amekuzoea. Akasema ngano haitaingia mtaani kwao hata punje, itakwenda kwenye lile tanuri moja, iokwe kwa ajili ya mitaa miwili, na mkate wa kwanza uende kwa mzazi mwenye mtoto mchanga. Liwali akamwambia ngano ile inatosha mtaa mmoja tu. Bi Kamariya akamjibu, "Kuanzia leo mtaa ni mmoja."

Na ikatosha. Sijui vipi, waulizeni wasomi, mimi nasema ikatosha mpaka mavuno na ikabaki ya mbegu. Bi Tamima alikula mkate ule wa kwanza bado unatoa mvuke, na baada ya siku mbili mtoto akalia kilio kikubwa cha mtoto aliyeshiba anayetaka zaidi. Mzee Barghashi akawa ndiye mleta kuni za tanuri bila zamu, na hakuulizwa kwa nini.

Mvua zikarudi. Na asubuhi moja Rubea alikuwa anapita mtaa wa Jazira na mzigo wake wa kuni, akasimama ghafla katikati ya njia. Akautua mzigo. Aliyekuwa nyuma yake akadhani amechomwa na mwiba, kwa kuwa machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Kuna nini, Rubea?"

"Kitunguu," akasema. "Nyumba ya tatu wanakaanga kitunguu. Alhamdulillahi."

Basi wapenzi, sisi tuna tabia ya kukaa barazani na kupima, watu wa kule wana hali nzuri, watu wa huku wana hali mbaya, na tunapima kwa mapaa. Anayeijua hali ya mja ni Aliyemuumba, kisha jirani aliyesogea karibu akanusa. Leo ukitoka hapa, na harufu ya chakula ikakupata inatoka kwa mwenzio, usiulize umealikwa au hukualikwa. Mshukuru Mungu kwanza kwamba ipo.